Deni la Shujaa: Jason, Medea na Msako wa Ngozi ya Dhahabu

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba shujaa ni mhusika mwenye uwezo unaowapita watu wa kawaida, ambaye huondoka kwao, hupambana na majaribu makubwa na hatimaye hurejea akiwa na ushindi mkononi. Sifa hizi huorodheshwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, na wakati wa mtihani hutumiwa kuwapimia Fumo Liyongo, Lwanda Magere na majagina wengine. Hata hivyo, kipo kisa cha Wagiriki wa kale chenye safari ndefu, meli ya ajabu, fahali wapumuao moto na joka lisilolala, lakini shujaa wake, akitazamwa kwa makini, hafui dafu mbele ya orodha hiyo. Huyo ni Jason, aliyetumwa kuileta Ngozi ya Dhahabu. Makala haya yanakipitia kisa chake kwa kuongozwa na swali moja: katika msako huu, ni nani aliyeifanya kazi, na ni nani aliyeulipa ujira wake?

Ni vyema kwanza kueleza kisa hiki kinapatikana wapi, kwa sababu visasili vya Wagiriki, sawa na ngano zetu, havina toleo moja lililo sahihi. Kisa chenyewe ni kikongwe. Homer, katika utendi wa Odyssey, anaitaja meli ya Argo kwa kupita tu, kama jambo ambalo kila msikilizaji wake alikwisha kulijua. Pindar alikisimulia kwa urefu katika wimbo wa sifa aliomtungia mfalme wa Cyrene, mji wa Kigiriki uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Libya, mwaka wa 462 K.K. Euripides alikitungia tamthilia ya Medea, iliyoigizwa Athens mwaka wa 431 K.K. Aliyekiandika chote kwa mfululizo ni Apollonius wa Rhodes, msomi aliyefanya kazi katika maktaba mashuhuri ya Alexandria nchini Misri katika karne ya 3 K.K. Utendi wake, Argonautica, una vitabu vinne, nao ndio utakaofuatwa hapa zaidi. Pale unapokoma, mkusanyiko wa visasili unaohusishwa na jina la Apollodorus utatusaidia kuendelea.

Asili ya ngozi

Kiini cha msako ni kosa la kifamilia lililotendwa kabla Jason hajazaliwa. Mfalme Athamas wa Boeotia alikuwa na watoto wawili, Phrixus na Helle, kwa mkewe wa kwanza, Nephele. Mke wa pili, Ino, aliwachukia watoto wale. Aliwashawishi wanawake wa nchi wazikaange mbegu kabla ya kupandwa, na mazao yakakosa kuota. Athamas alipotuma wajumbe kwenda kuuliza sababu huko Delphi, Ino aliwahonga wajumbe wale waje na jibu la uongo kwamba njaa haitaondoka hadi Phrixus atolewe kafara. Kijana alipofikishwa madhabahuni, alitokea kondoo dume mwenye manyoya ya dhahabu, akawabeba watoto wote wawili na kupaa nao. Helle alianguka baharini njiani, katika mlango-bahari ambao Wagiriki waliuita Hellespont, yaani bahari ya Helle, na ambao leo uko Uturuki na huitwa Dardanelles. Phrixus alifika salama Colchis, nchi iliyokuwa upande wa mashariki wa Bahari Nyeusi, katika eneo ambalo leo ni magharibi mwa Georgia. Alimchinja kondoo yule kuwa sadaka kwa Zeus, na ngozi yake akampa mfalme Aeetes aliyempokea na kumwoza bintiye, Chalciope. Aeetes aliitundika juu ya mwaloni katika msitu wa mungu wa vita, Ares, ikilindwa na joka lisilofumba macho.

Yapo maelezo ya kihistoria kuhusu ngozi hii. Strabo, mwanajiografia wa enzi za mwanzo za dola ya Kirumi, alieleza kwamba watu wa milima iliyo karibu na Colchis walikuwa wakinasa chembe za dhahabu kutoka mitoni kwa kutumia ngozi zenye manyoya, na akaona kuwa huenda kisasili kilitokana na desturi hiyo. Mwaka wa 1984, mwandishi na msafiri Tim Severin aliunda meli yenye makasia ishirini kwa mfano wa meli za kale, akaisafirisha kutoka Ugiriki hadi Georgia, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti, kuonyesha kwamba safari yenyewe iliwezekana. Maelezo haya yanavutia, ila hayamgusi Jason. Dhahabu ya mtoni haielezi kwa nini mfalme mmoja amtume mpwawe akafe.

Mtu wa kiatu kimoja

Na kwa hakika alitumwa akafe. Pelias, mfalme wa Iolcus, mji uliokuwa karibu na bandari ya Volos ya leo, alikikalia kiti ambacho, kwa mujibu wa Pindar, kilikuwa cha nduguye wa mama mmoja, Aeson, babake Jason. Jason mwenyewe alifichwa akiwa mchanga na kulelewa mlimani Pelion na Chiron, kiumbe nusu mtu nusu farasi. Pelias alikuwa ameonywa na wapiga ramli wa Delphi ajihadhari na mtu atakayemjia akiwa amevaa kiatu kimoja. Jason alikipoteza cha pili katika matope ya mto Anauros, na akatokeza hadharani vivyo hivyo, mguu mmoja mtupu.

Apollodorus anatoa mnong'ono mdogo unaopendeza hapa. Pelias alimwuliza kijana: je, wewe ungekuwa mfalme na ukaambiwa kwamba fulani katika raia zako ndiye atakayekuua, ungemfanyaje? Jason akajibu kuwa angemtuma mtu huyo akalete Ngozi ya Dhahabu. Basi Pelias akamwambia aende akailete. Shujaa alijihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Msimulizi anaongeza kwamba huenda jibu lile lilitiwa kinywani mwake na Hera, mke wa Zeus, aliyekuwa na kisasi chake na Pelias na alitaka Medea aletwe Ugiriki kumwangamiza mfalme huyo. Hili si jambo dogo. Kama ni hivyo, basi Jason ni chombo tangu mwanzo, na ngozi ni kisingizio. Anayetafutwa hasa ni mwanamke ambaye hajui hata kwamba anatafutwa.

Mfalme mwoga anayemwondoa mshindani wake kwa hila ni mhusika tunayemfahamu vyema, kwani ndiye anayemwandama Liyongo katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa. Tofauti ni kwamba Liyongo anaogopwa kwa sababu ya nguvu zake, ilhali Jason anaogopwa kwa sababu ya kiatu.

Mashujaa hamsini na kiongozi mmoja

Meli iliundwa na Argus kwa msaada wa mungu wa kike Athena, ikaitwa Argo. Katika mwili wake Athena alipachika boriti ya mwaloni mtakatifu wa Dodona, boriti iliyokuwa na uwezo wa kusema. Waliojitokeza kuipiga makasia walikuwa zaidi ya hamsini, na orodha yao ni kama mkutano wa visasili vyote: Heracles mwenye nguvu zisizo kifani, Orpheus ambaye kinubi chake kiliisogeza miamba, mapacha Castor na Polydeuces, Zetes na Calais wenye mabawa, Lynceus mwenye macho yanayopenya ardhi, Tiphys mshika usukani, waaguzi Idmon na Mopsus. Hata Acastus, mwana wa Pelias, aliingia melini.

Walipokusanyika, Jason aliwaomba wamchague kiongozi aliye bora kuliko wote. Bila kusita, macho yote yakamgeukia Heracles. Heracles akakataa akiwa ameketi, akanyosha mkono kumwonyesha Jason, na kusema kwamba aliyewaita ndiye awaongoze. Apollonius anamwanza shujaa wake kwa namna hii, kama mtu aliyepewa uongozi kwa sababu aliyeustahili hakuutaka. Aidha, anamtajia mara kwa mara neno ambalo maana yake kwa Kigiriki ni kukosa njia, kukwama, kuishiwa na hila. Odysseus wa Homer alisifiwa kwa kuwa na hila nyingi. Jason wa Apollonius anajulikana kwa kutokuwa nazo. Yamkini mshairi alifanya hivyo kwa makusudi. Aliandika katika mji wa wasomi waliokwisha kuzikariri tendi za Homer, na hakuwa na haja ya kumtunga Achilles wa pili.

Visa vya njiani vinajulikana sana, na havihitaji kusimuliwa kwa kirefu. Katika kila kimoja, hata hivyo, inafaa kutazama ni nani anayeshinda. Huko Lemnos, ambako wanawake walikuwa wamewaua waume zao, Jason alikaa raha mustarehe na malkia Hypsipyle hadi Heracles alipowakaripia mabaharia kwa kusahau kilichowatoa kwao. Heracles mwenyewe aliachwa nyuma Mysia akimtafuta kijana wake Hylas, aliyevutwa majini na zimwi la kike la chemchemi. Ngumi za Polydeuces ndizo zilizommaliza mfalme Amycus, aliyekuwa akiwalazimisha wageni kupigana naye. Zetes na Calais ndio waliowafukuza Harpies, ndege wenye sura za wanawake, waliokuwa wakimnyang'anya mzee kipofu Phineus chakula chake. Phineus naye, kwa shukrani, aliwafundisha jinsi ya kuipita miamba inayogongana mlangoni mwa Bahari Nyeusi: wamtangulize njiwa. Njiwa alipita akapoteza manyoya ya mkia. Argo ikapita ikapoteza pambo la tezi, tena kwa kusukumwa na mkono wa Athena. Tiphys alipofariki kwa maradhi, Jason alikata tamaa kabisa, na mwingine, Ancaeus, akajitolea kuushika usukani.

Usiku wa Medea

Kitabu cha tatu ndicho kitovu cha utendi huu, na hapa mwendo wa masimulizi unabadilika. Aeetes alisikia ombi la Jason, akaghadhibika, kisha akaweka masharti. Mgeni awafunge nira fahali wawili wenye kwato za shaba wanaopumua moto, alime nao shamba la Ares kwa siku moja, apande meno ya joka badala ya nafaka, na awaue wote watakaochipuka kutoka katika meno hayo, maana wangechipuka watu wenye silaha. Jason aliyasikia masharti haya akainamisha macho, akakaa kimya kwa muda mrefu. Alikubali kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Wakati huo Hera na Athena walikuwa wamekwisha kumwendea Aphrodite, mungu wa mapenzi. Aphrodite alimhonga mwanawe Eros kwa mpira wa dhahabu, naye akamlenga Medea mshale akiwa ukumbini mwa babake. Medea alikuwa binti mdogo wa Aeetes, mjukuu wa Jua na kuhani wa Hecate, aliyezijua dawa za kila mti. Apollonius anaeleza usiku ambao mji wote ulilala, hata mama aliyefiwa na watoto wake, isipokuwa Medea. Moyo wake unafananishwa na mwanga wa jua unaorukaruka ukutani baada ya kugonga maji yanayotikisika katika ndoo. Anaamua kumsaidia mgeni, kisha anaona aibu; anaamua kutomsaidia, kisha anahofu. Anachukua sanduku lake la dawa, analiweka magotini, na kuanza kukifungua kifungo chake akitafuta sumu ya kujiua. Halafu anakumbuka utamu wa kuwa hai, wenzake wa rika, jua la asubuhi. Anaufunga mfuniko, na anaanza kungojea mapambazuko.

Si rahisi kupata katika tendi za kale mahali pengine ambapo msimulizi anamwacha shujaa wake hotelini mwa safari, yaani kando kabisa, na kukaa kwa muda mrefu ndani ya nafsi ya msichana asiyelala. Pambano halisi la msako huu linapiganwa pale, juu ya sanduku lile. Lile la fahali lililofuata ni utekelezaji tu.

Walikutana kwenye hekalu la Hecate. Jason, ambaye hakuwa hodari wa mikuki, alikuwa hodari wa maneno. Alimwomba Medea msaada, akamwahidi sifa katika Ugiriki yote, na akamtolea mfano wa Ariadne, binti wa mfalme Minos wa Krete, aliyemwokoa Theseus kutoka hatarini, na ambaye sasa ana taji la nyota angani. Mfano ulikuwa mzuri. Ila Jason hakuumaliza. Kila msomaji wa Kigiriki alijua kwamba Theseus alimchukua Ariadne, akamwacha amelala kisiwani, akasafiri zake. Medea alimwuliza zaidi habari za msichana huyo, na Jason akayakwepa maswali. Kwa hivyo mtego haukufichwa kwa hadhira. Aliyefichwa ni yule mmoja tu aliyehitaji kuujua.

Medea alimpa dawa iliyotokana na mmea uliochipuka mahali damu ya Prometheus ilipodondoka, dawa ya kumkinga na moto na chuma kwa siku moja. Akamwelekeza pia awarushie jiwe watu watakaochipuka ardhini, ili wagombane wao kwa wao. Jason akafanya kama alivyoambiwa, na yakawa kama alivyoambiwa.

Hapa mlinganisho na kisa cha Lwanda Magere unajitokeza wenyewe. Katika mighani hiyo ya Waluo, mke anayetoka kwa maadui anaijua siri ya mumewe, kwamba nguvu zake zimo kivulini, anaipeleka kwa watu wake, na shujaa anauawa. Medea amefanya kinyume: anaitoa siri ya watu wake na kuipeleka kwa mgeni, na shujaa anaishi. Katika visa vyote viwili mwanamke anayejua ndiye anayeamua nani afe, na katika vyote viwili wasimulizi wanamwita msaliti. Vigezo vya usaliti hupangwa na upande ulioshindwa. Lakini kwa Medea, hata upande ulioshinda haukumsamehe.

Kiapo na damu

Aeetes alipanga kuwaua mabaharia wote usiku huo. Medea alitoroka kwao bila viatu, akakimbilia mtoni walikokuwa wageni, na kabla ya kuwaongoza msituni alidai kiapo. Jason aliushika mkono wake wa kulia na kuapa kwa Zeus na Hera kwamba atamwoa watakapofika Ugiriki. Kisha Medea akaliimbia joka na kulinyunyizia dawa machoni hadi likalala. Jason akaitungua ngozi mtini.

Huenda hili ndilo jambo la kushangaza zaidi kwa aliyekisikia kisa hiki utotoni. Katika utendi huu Jason hamuui joka. Anangoja nyuma ya mwanamke, akiwa na hofu, hadi lilale. Haina maana kwamba Wagiriki wote walikisimulia hivyo. Katika makavazi ya Vatikani kuna kikombe cha udongo kilichopatikana Cerveteri, Italia, kilichochorwa na msanii Douris mnamo 480 hadi 470 K.K. Picha yake inamwonyesha Jason akining'inia kutoka kinywani mwa joka, amelegea, akitapikwa, huku ngozi imetundikwa mtini na Athena amesimama mbele akitazama. Hakuna utendi uliosalia unaosimulia tukio hilo. Kilicho dhahiri ni kwamba hata katika toleo hilo lililopotea, Jason hakuwa na la kujivunia.

Meli za Colchis ziliwaandama, zikiongozwa na Apsyrtus, kaka wa Medea. Walipozingirwa, mabaharia wa Argo walifikia mapatano: ngozi ibaki kwao, kwa kuwa Jason alitimiza masharti, lakini Medea awekwe katika hekalu la Artemis hadi mfalme fulani aamue hatima yake. Yaani walikuwa tayari kukichukua kilichopatikana na kumrudisha aliyekipata. Medea alimvuta Jason kando na kumkumbusha kiapo. Jason akajibu kwamba yale mapatano yalikuwa ni hila tu. Hapo ndipo Apsyrtus alipoalikwa kwa zawadi, miongoni mwazo vazi ambalo hapo kale Dionysus alilala juu yake pamoja na Ariadne, yule yule aliyeachwa. Apsyrtus alikuja usiku peke yake kuzungumza na dadake. Jason akatoka mafichoni na kumwua, Medea akiwa amegeuza uso. (Apollodorus anasimulia vingine: Apsyrtus alikuwa mtoto, na Medea ndiye aliyemkatakata na kuvitupa viungo vyake baharini ili babake acheleweshwe na kuviokota.) Baada ya mauaji hayo boriti ya Dodona ilisema, ikawaonya kwamba Zeus hatawaachilia hadi Circe awatakase.

Safari ya kurudi iliwapitisha kwa Circe, kwa Sirens ambao sauti zao zilizimwa na kinubi cha Orpheus, na hadi kwa Wafaiakia. Mfalme wao, Alcinous, aliamua kwamba Medea akiwa bado bikira atarudishwa kwa babake, akiwa mke wa mtu hatatenganishwa na mumewe. Malkia Arete alipenyeza habari hiyo, na arusi ikafanywa usiku ule ule pangoni. Ngozi ya Dhahabu ndiyo iliyotandikwa kuwa kitanda chao. Baadaye tufani iliwatupa kwenye pwani ya Libya, wakalazimika kuibeba Argo mabegani siku kumi na mbili jangwani, na walipofika Krete ni Medea tena aliyemwangusha kwa macho yake Talos, mtu wa shaba, ambaye uhai wake ulikuwa katika mshipa mmoja kifundoni. Wasomaji wa Liyongo wanaufahamu mshipa huo: kwake ulikuwa kitovuni.

Malipo

Apollonius anakomesha utendi wake meli inapogusa pwani ya nyumbani. Alijua kilichofuata, na wasomaji wake walikijua pia.

Jason alimkabidhi Pelias ngozi, lakini kiti hakukipata. Medea aliwaonyesha mabinti wa Pelias jinsi ya kumrudishia mzee ujana: alimkatakata kondoo dume mzee, akamchemsha chunguni pamoja na dawa, akatoka mwanakondoo. Mabinti wakamfanyia baba yao vivyo hivyo, ila safari hii dawa haikutiwa. Kisasi cha Hera kikatimia. Acastus, yule aliyepiga kasia pamoja nao, aliushika utawala na kuwafukuza Jason na Medea kutoka Iolcus. Ngozi yenyewe ikasahauliwa. Kitu kilichowaua watu wengi hivyo hakina kazi yoyote tena katika kisa kilichobaki.

Waliishi Korintho kwa miaka kumi, wakazaa watoto. Kisha Jason akaamua kumwoa binti wa Creon, mfalme wa mji huo. Tamthilia ya Euripides inaanzia hapa, na ndani yake Jason anatoa hoja zinazostahili kusomwa polepole, kwa kuwa ni hoja za mdeni anayeikana hati ya deni. Anadai kwamba aliyemwokoa si Medea bali Aphrodite, kwani Medea alilazimishwa na mshale. Anadai kwamba Medea amefaidika kuliko alivyotoa, maana ametolewa katika nchi ya washenzi na kukaa miongoni mwa Wagiriki wenye sheria. Na anadai kwamba ndoa mpya ni kwa manufaa ya watoto. Hadhira ya Athens ililijua jambo hili kwa karibu. Mwaka wa 451 K.K., miaka ishirini kabla ya onyesho, mji wao ulikuwa umepitisha sheria iliyowanyima uraia watoto ambao mama yao hakuwa wa ukoo wa raia. Mke mgeni, hata awe amekuokolea uhai, hakuweza kukuzalia raia. Jason wa Euripides anasema kwa ufasaha kile ambacho sheria ilikwisha kukisema. Katika mashindano ya mwaka huo, Euripides alitoka wa tatu kati ya washindani watatu.

Medea naye hana cha kutetewa katika alichokifanya. Aliwatuma watoto wake wampelekee bibi arusi vazi na taji vilivyopakwa sumu, vikamteketeza yeye pamoja na babake aliyemkumbatia. Kisha akawaua watoto hao kwa mkono wake, akapaa kwa gari la babu yake, Jua, asimwachie Jason hata maiti za kuzika. Yapo masimulizi mengine yanayodai kwamba ni Wakorintho waliowaua watoto, na baadhi ya wahakiki huona kuwa Euripides ndiye aliyeugeuza mkono. Itoshe kusema kwamba yeye ndiye aliyefanikiwa. Tangu wakati wake ni vigumu kulitaja jina la Medea bila kuwafikiria watoto wale.

Jason aliishi baada ya hapo bila mke, bila watoto, bila kiti. Argo ilikuwa imevutwa pwani na kuachwa, mbao zake zikioza. Inasimuliwa kwamba alikwenda kulala kivulini mwake, na boriti moja ikachomoka, ikamwangukia kichwani akafa.